Baden bei Wien kwa Mgeni wa Mara ya Kwanza: Mwongozo wa Siku Moja Kwenye Chemchemi za Salfa

Msimu wa safari ukifika, maswali huwa yaleyale. Mmoja yuko Vienna kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa, Jumamosi hana kazi, anauliza aende wapi. Mwingine mama yake anasumbuliwa na viungo, amesikia Austria kuna maji ya tiba, anataka kujua kama ni kweli. Wa tatu ameshalipia hoteli, na ndipo anagundua kwamba hoteli yenyewe iko Ujerumani. Nimeona niyajibu yote mahali pamoja, kwa kuuchukua mji mmoja ninaoupendekeza kuliko mingine yote ya aina hii nchini Austria: Baden bei Wien.

Kwa nini huu? Kwanza ni karibu, kilomita 26 hivi kusini mwa Vienna, kwa hiyo unakwenda asubuhi na kurudi jioni bila kuhama hoteli. Pili, una historia ya kweli. Warumi waliyajua maji yake na wakapaita mahali hapo Aquae. Kaizari Franz wa ukoo wa Habsburg alikuwa akihamia huko karibu kila majira ya joto kuanzia 1796 hadi 1834. Mwaka 2021 UNESCO iliuingiza kwenye Urithi wa Dunia pamoja na miji mingine 10 mashuhuri ya chemchemi barani Ulaya, na katika orodha hiyo Austria ina mji huu mmoja tu. Tatu, na kwangu hili ndilo kubwa, maji yenyewe bado yanafanya kazi. Hukuti bomba lililokauka na kibao cha maelezo, unaingia majini.

Nadharia kidogo, basi. Mji uko kwenye ufa wa ardhi, pale milima inapokutana na bonde la Vienna. Mvua huzama chini sana ndani ya mawe ya chokaa, hupata joto na kubeba madini, kisha maji hupanda tena kupitia ufa huo. Kuna chemchemi 14, na kwa pamoja hutoa takriban lita milioni 4 kwa siku, zenye joto linalofika nyuzi 36. Kama umezoea maji moto ya Bogoria, ambako wageni huchemsha mayai, haya ni ya vuguvugu la mwili tu. Usiogope kuungua. Kilichomo ni salfa, na pua yako itakuambia kabla hujaona bwawa.

Kabla ya yote: hakikisha ni Baden ipi

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Baden ziko tatu zinazochanganya. Baden-Baden ni Ujerumani, karibu na mpaka wa Ufaransa. Kuna Baden nyingine Uswisi, karibu na Zürich. Unayoitafuta wewe inaandikwa Baden bei Wien, na Wien ndilo jina la Vienna utakaloliona kwenye vibao na tiketi zote. Zote tatu zina maji moto na zote tatu zina hoteli nzuri, kwa hiyo picha hazitakusaidia kuzitofautisha. Unapolipia chumba, angalia nchi na namba ya posta: Baden yetu ni 2500, iliyo katika jimbo la Niederösterreich. Kama anwani haina vitu hivyo, usibonyeze kitufe cha kulipa.

Unachohitaji

Viza ya Schengen, kama pasipoti yako inaihitaji. Mwenye kibali halali cha kuishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen haombi tena. Anabeba pasipoti na kibali chake. Aliyeko Nairobi, Dar es Salaam, Kampala au Muscat huomba katika nchi anayoishi, na ombi linaweza kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki mbili za mwisho. Ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau euro 30,000. Pasipoti iwe na uhai wa miezi mitatu au zaidi baada ya siku ya kutoka Schengen, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita.

Vazi la kuogelea la kitambaa cha kuogelea. Fulana ya pamba na kaptula ya mazoezi utakataliwa nazo, na hata wasipokukataa, zitanyonya harufu ya salfa na kukaa nayo. Kina mama wanaovaa vazi la kuogelea la kujisitiri mwili mzima waulize kaunta kabla ya kulipa. Kila nyumba ya maji ina sheria zake zilizobandikwa mlangoni.

Taulo mbili: moja ya kujifutia, moja ya kulalia kwenye kiti cha mapumziko. Ndala za plastiki. Vazi la taulo la kujifunika kama unalo, hasa wakati wa baridi. Chupa ya maji ya kunywa isiyo ya kioo. Mafuta ya ngozi, kwa sababu salfa hukausha, na ngozi zetu huonyesha mara moja. Kofia ya kuogelea kama umesuka au umeshonea nywele. Harufu ikiingia kwenye rasta haitoki kwa suuza moja.

Sarafu chache za euro na kadi ya benki. Dawa zako za kila siku, na kama una shinikizo la damu, moyo, kisukari au ujauzito, jibu la daktari wako mwenyewe kuhusu kuoga maji moto.

Usichohitaji: pete, heleni na mikufu ya fedha. Viache hotelini. Nitaeleza hapo chini.

Hatua kwa hatua

1. Chagua siku. Nenda katikati ya wiki kama unaweza. Jumamosi na Jumapili nusu ya Vienna iko majini, hasa kukiwa na baridi. Jumatatu makumbusho mengi hufungwa, na Jumapili maduka yote ya kawaida hufungwa. Kwa hiyo Jumanne hadi Ijumaa ndizo siku zenyewe. Kuhusu majira: Juni ni mwezi wa waridi katika bustani ya Doblhoffpark, ambako kuna vichaka vya waridi kwa maelfu, Julai na Agosti kuna muziki nje, Septemba na Oktoba ni mavuno ya zabibu, na Januari, wakati theluji iko ukingoni mwa bwawa la nje na mvuke unapanda, ndipo maji hunoga zaidi. Mimi ningechagua Juni au Januari.

2. Amua unakwenda na tramu au treni. Njia ni mbili, na zinakushusha sehemu tofauti.

Tramu ya buluu na nyeupe iitwayo Badner Bahn huanzia mbele ya jumba la opera la Vienna, karibu na kituo cha Karlsplatz. Hutumia kama saa moja na kukushusha Josefsplatz, ndani ya mji kabisa. Kama unatoka makao ya Umoja wa Mataifa, panda treni ya chini ya ardhi U1 kituo cha Kaisermühlen-VIC, shuka Karlsplatz, fuata vibao vya Oper. Treni ya ÖBB, shirika la reli la Austria, kutoka stesheni kuu ya Wien Hauptbahnhof au Wien Meidling hutumia kama nusu saa au pungufu, lakini kutoka stesheni ya Baden utatembea dakika kama kumi hadi katikati ya mji.

Mwenye mzee au mtoto mdogo achukue tramu. Mwenye haraka, treni. Mimi huwashauri watu waende na tramu na warudi na treni, maana asubuhi una nguvu za kutazama dirishani, na jioni unataka kufika tu.

Onyo la kwanza: soma kibao cha mbele ya tramu. Iandikwe Baden Josefsplatz. Baadhi ya tramu za njia hiyohiyo huishia Wiener Neudorf, na utashushwa hapo.

Onyo la pili, na hili limewaponza wengi: tiketi ya Vienna haikufikishi Baden. Hata kama una tiketi ya siku, ya wiki au ya mwaka ya Vienna, inaishia mpakani mwa jiji. Kutoka hapo hadi Baden unalipia nyongeza. Mashineni chagua kituo unachokwenda, Baden, kisha uoneshe kwamba tayari una tiketi ya Vienna ili usilipe mara mbili. Tiketi ya karatasi isiyo na muhuri wa saa igongwe kwenye kimashine kabla ya kusafiri. Wakaguzi huvaa nguo za kiraia, hawapigi kelele, na faini yao inapita euro 100. "Mimi ni mgeni" si utetezi. Wanausikia kila siku.

3. Ukishuka Josefsplatz, usikimbilie majini. Simama kwanza. Jengo la manjano lenye nguzo mbele yako ni Frauenbad, nyumba ya kuogea ya zamani ambayo leo ni makumbusho ya mchoraji Arnulf Rainer, mzaliwa wa mji huu. Picha zake zimetundikwa katika vyumba ambavyo watu walikuwa wakiogea, na mabwawa ya marumaru bado yamo. Karibu yake kuna Josefsbad, kijengo cha duara cha manjano kilichokuwa nacho cha kuogea. Utaanza kuelewa jambo moja: mji mzima ulijengwa kuzunguka maji, na karibu kila mlango mzuri ulikuwa mlango wa bafu.

Pita mtaa wa Frauengasse, wa waendao kwa miguu tu, hadi uwanja wa Hauptplatz wenye mnara wa Utatu Mtakatifu. Kutoka hapo Brusattiplatz ni mwendo mfupi. Ofisi ya habari za wageni iko hapo, ndani ya Leopoldsbad, nayo pia ni bafu la kale. Ingia uombe ramani ya karatasi na ratiba ya muziki wa siku hiyo. Salimu kwa "Grüß Gott" kabla ya kuuliza chochote. Salamu huko ina uzito kama kwetu, na anayeanza na swali bila salamu huonekana hana adabu.

4. Nunua tiketi ya maji kwa saa. Jirani na ofisi hiyo iko Römertherme, iliyofunguliwa 1999, ukumbi mkubwa wenye paa la vioo juu ya mabwawa. Humo kuna mabwawa ya maji ya kawaida ya kuogelea na mabwawa ya salfa, la ndani na la nje. Tiketi huuzwa kwa muda: saa kadhaa au siku nzima. Kwa mara ya kwanza saa tatu zinatosha, na hapo nimeshahesabu kubadilisha nguo, kuoga na kupumzika. Ukipitisha muda unalipa nyongeza wakati wa kutoka.

Utaulizwa kama unataka na sauna. Tafadhali soma aya hii vizuri. Katika sauna za Austria watu hukaa uchi, wanaume na wanawake pamoja, na kuingia na vazi la kuogelea hakuruhusiwi. Kwao ni jambo la usafi na la kawaida kabisa, hakuna anayemtazama mwenzake. Kama hilo halikufai wewe, imani yako, au mzee uliyekuja naye, nunua tiketi ya mabwawa peke yake. Kwenye mabwawa kila mtu amevaa, na hujapoteza kitu, kwa sababu maji ya salfa yako mabwawani. Nimeona familia zikirudi nje kwa fadhaa kwa sababu tu ya kuitikia "ndiyo" pale kaunta bila kujua waliulizwa nini.

5. Badilisha nguo kwa utaratibu. Utapewa bangili yenye chipu. Ndiyo tiketi, ufunguo wa kabati na daftari la madeni yako ya kahawa, kwa hiyo usiivue. Vaa ndala. Oga kwa sabuni kabla ya kuingia bwawani. Ni lazima na watu huangalia. Vua saa, miwani ya fremu ya fedha na vito vyote. Simu iache kabatini. Kupiga picha bwawani na chumba cha kubadilishia nguo ni kosa, hata ukijipiga mwenyewe.

Kuhusu fedha: salfa iliyomo majini hushika madini ya fedha na kuyageuza meusi, tena upesi. Pete ya tanzanite iliyofungwa kwa fedha itaingia inang'aa na kutoka kama imepitishwa jikoni. Jiwe haliharibiki, lakini fremu yake ndiyo itakayokutoa machozi. Dhahabu ya karati ndogo nayo ina mchanganyiko wa madini mengine, isihatarishwe.

6. Ingia kwenye salfa, lakini kwa kipimo. Anza na bwawa la kawaida dakika chache mwili uzoee. Kisha nenda la salfa. Harufu ya yai viza itakupiga mwanzoni. Baada ya dakika tano pua huchoka nayo na huisikii tena. Shuka ngazi polepole, maji yakufike kifuani, egemea ukingo, nyamaza. Utahisi maji ni laini, kama yana utelezi kidogo kwenye vidole. Watu wazima wa mjini hapo hukaa hivyo bila kuogelea, macho yamefumbwa, na hiyo ndiyo namna sahihi. Bwawa hili halichezewi mbizi.

Dakika 15 hadi 20, basi. Toka, jifunge taulo, lala kwenye kiti angalau nusu saa, kunywa maji. Ukitaka mara ya pili, rudi kwa dakika 15 nyingine. Kosa kubwa la wageni ni kukaa humo saa nzima kwa hesabu ya "nimelipa". Maji ya joto hushusha shinikizo la damu taratibu, na hulijui mpaka unaposimama.

Wasioingia: mwenye homa, kidonda kibichi, ugonjwa wa moyo usiodhibitiwa, na mjamzito ambaye daktari hajamruhusu. Watoto wadogo wabaki kwenye maji ya kawaida. Na kwa yule mwenye mama wa viungo: ndiyo, watu wamekuwa wakija hapa kwa ajili ya viungo na mgongo kwa karne nyingi, na hadi leo mji una hospitali na vituo vinavyotumia maji haya. Lakini tiba yao huenda kwa wiki kadhaa chini ya daktari. Siku moja itampa mama nafuu ya mwili na usingizi mzuri. Vidonge vyake visiachwe.

7. Kula kidogo, kisha pumzika. Usiende moja kwa moja kwenye sahani kubwa ya nyama. Supu, mkate, chai. Asiyekula nguruwe aangalie maneno Schwein na Speck kwenye menyu, na aulize kuhusu supu pia, maana vipande vya nyama hiyo hujificha humo. Maji ya bomba Austria hunywewa bila wasiwasi. Jaza chupa yako.

8. Sasa tembea mji, na uanze na Rathausgasse 10. Mwili umelegea, huu ndio wakati wake. Nyumba hiyo ni ndogo, ghorofa moja juu, na Beethoven alikaa humo majira ya joto ya 1821, 1822 na 1823, akiwa hasikii tena vizuri na akiitunga Simfonia ya Tisa. Wenyeji husimulia kwamba alikuwa akiandika hesabu na noti kwenye mbao za madirisha, na kwamba mwenye nyumba aliuza ubao mmoja kwa bei nzuri, kisha akamdai mpangaji wake alipie mbao mpya. Leo ni makumbusho. Kaa kwenye chumba chake kidogo dakika kadhaa kabla ya kubonyeza vifaa vya kusikiliza. Kuna sehemu inayokusikilizisha muziki kama alivyousikia yeye masikio yalipokuwa yakimwishia, na hapo wengi hunyamaza.

Kutoka hapo nenda kanisa la parokia la Mtakatifu Stefano. Waimbaji wa kwaya, hili ni lenu. Mnamo Juni 1791 Mozart, ambaye mkewe Constanze alikuwa Baden kwa matibabu, aliandika "Ave verum corpus" kwa ajili ya Anton Stoll, mwalimu wa kwaya wa kanisa hili. Ni wimbo wa vipimo 46 tu. Miezi sita haikutimia, akafa. Kwaya za Kikatoliki Afrika Mashariki huuimba hadi leo, na ulianzia kwenye kanisa hili dogo la mji mdogo, kwa ajili ya mwalimu mmoja aliyekuwa rafiki. Ingia taratibu, watu huwa wanasali.

Kwenye Hauptplatz, nyumba ya manjano isiyojivuna ni Kaiserhaus, aliyoinunua Kaizari Franz mwaka 1813. Tazama majengo yanayoizunguka: yanafanana kwa urefu na kwa utulivu wake. Sababu ni moto wa 1812 ulioteketeza sehemu kubwa ya mji. Ulipojengwa upya, kazi nyingi alipewa msanifu mmoja, Joseph Kornhäusel. Nyumba hiyohiyo baadaye ilikuwa makao ya Kaizari Karl wakati kamandi kuu ya jeshi lake ilipohamia Baden katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na baada ya 1945 Warusi waliufanya mji huu makao makuu ya jeshi lao nchini Austria hadi 1955. Ukiangalia bustani zake huwezi kudhani.

Malizia Kurpark, bustani inayopanda kilimani nyuma ya kasino. Chini kuna chemchemi ya sanamu za Undine, kiumbe wa majini wa hadithi, maji yakiruka juu ya miili ya mawe. Hapo pia ndipo ilipo Römerquelle, chemchemi ya kale. Karibu yake iko Sommerarena ya 1906, ukumbi wa operetta (michezo myepesi ya kuigiza kwa nyimbo) wenye paa la vioo linalofunguka usiku ukiwa mzuri. Panda taratibu hadi hekalu la Beethoven, kibanda cha nguzo chenye mandhari ya mji wote na mashamba ya mizabibu. Kuanzia Juni hadi Oktoba kuna maonyesho makubwa ya picha za nje mjini, La Gacilly-Baden Photo, bure kabisa. Picha zenye ukubwa wa ukuta zimetundikwa kati ya miti na kwenye kuta za mitaani.

9. Ukiwa na saa mbili za ziada. Wakati wa kiangazi, Thermalstrandbad ya 1926 ina mabwawa na mchanga wa kukalia. Watoto wataipenda kuliko Beethoven. Mpenda miguu afuate mto Schwechat kuingia bonde la Helenental, kupita chini ya daraja la maji lililokamilika 1873 kupeleka maji ya milimani Vienna, hadi kwenye magofu ya ngome za Rauhenstein na Rauheneck. Ni njia tambarare kwa sehemu kubwa, na Beethoven mwenyewe aliipita mara nyingi.

Jioni, tafuta Heuriger, kilabu cha mkulima wa zabibu. Tawi la msonobari likining'inia mlangoni, wamefungua. Wasiotumia kilevi waagize Traubensaft, maji ya zabibu ya shamba hilohilo, ni matamu kweli. Septemba angalia kinywaji kiitwacho Sturm: kinaonekana kama juisi yenye ukungu na ni kitamu, lakini kinachacha na kina kilevi.

Mambo yakienda kombo

*Umeshushwa Wiener Neudorf.* Baki jukwaani hapohapo, ngoja tramu inayofuata iliyoandikwa Baden Josefsplatz. Tiketi yako bado inafaa.

*Umepanda na tiketi ya Vienna pekee na mkaguzi hajafika.* Shuka kituo kinachofuata, nunua nyongeza, panda inayofuata. Simu nayo inaweza kukununulia tiketi, lakini lazima iwe imenunuliwa kabla ya kupanda.

*Kizunguzungu ukitoka majini.* Kaa chini papo hapo, sakafuni kama hakuna kiti. Kichwa chini, miguu juu, mwite mhudumu wa bwawa. Usijilazimishe kutembea hadi kabatini. Dharura kubwa, namba ni 144 kwa gari la wagonjwa au 112.

*Ngozi inawasha.* Suuza kwa maji ya kawaida bila sabuni, paka mafuta, usirudi kwenye salfa siku hiyo.

*Harufu imegoma kutoka kwenye vazi.* Loweka usiku kwenye maji yenye siki kidogo, kisha fua. Usilifunge kwenye mfuko wa plastiki hadi nyumbani.

*Fedha imekuwa nyeusi.* Tandika karatasi ya aluminiamu ndani ya bakuli, weka kito juu yake kikiigusa, mwaga kijiko cha magadi ya kuokea, mimina maji ya moto. Baada ya dakika chache weusi huachia. Kito chenye lulu au tanzanite usikifanyie hivi, mpelekee sonara.

*Bangili imepotea.* Sema kaunta mara moja, kabla aliyeiokota hajaagiza chakula kwa jina lako. Utalipa fidia, kabati litafunguliwa.

*Römertherme imefungwa.* Kila mwaka hufungwa siku kadhaa kwa ukarabati. Tazama tovuti yao jioni ya kuamkia safari. Ukikuta hivyo ukiwa umeshafika, fanya hatua ya 8 na 9 na urudi siku nyingine kwa maji. Kwa tramu si mbali.

*Umechelewa jioni.* Tramu na treni hupungua kadiri usiku unavyoingia. Angalia saa ya tramu au treni ya mwisho kabla ya kukaa kwenye Heuriger, na kumbuka ratiba zao ni za saa 24: 22:00 ni saa nne ya usiku. Ukiikosa tramu ya Josefsplatz, nenda stesheni ya ÖBB kwanza kabla ya kuita teksi; mara nyingi bado kuna treni ya kwenda Meidling.